Kabla ya kumwaga mbegu za msimu wa pili: jinsi ninavyousoma utabiri wa mvua hapa Teso, mashariki mwa Uganda

Agosti 2019 nilisikia redioni kwamba msimu wa pili ungekuwa na mvua nyingi. Nikamkimbilia mwenye ng'ombe wa plau, nikalimisha ekari tatu zote na zote nikapanda karanga, zile ndogo nyekundu za Red Beauty. Hata kile kipande kinachoshuka kuelekea kinamasi, ambacho mama watoto alinisihi nikiache.

Mvua ikaja kweli. Ikanyesha Septemba, Oktoba, Novemba, na Desemba, mwezi ambao sisi hutegemea jua la kuanikia, ilikuwa bado inanyesha. Karanga za aina hii hazina subira: zikikomaa huku udongo umelowa, huota humo humo ardhini. Nilipong'oa mashina ya kule chini, maganda mengi yalikuwa yamepasuka na kamkia keupe kanachungulia. Zilizopona nilizianika kwenye turubai moja, nikilikunja na kulikunjua kila wingu lilipotanda, na bado zikashika ukungu. Mnunuzi aliyetoka Mbale alimenya tano, akanusa, akarudi kwenye pikipiki yake bila hata kuuliza bei.

Sina wa kumlaumu. Redio ilisema mvua nyingi, mimi nikasikia mavuno mengi.

Mimi ni mtoto wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, niliyeacha kazi ya malori nikaja kulima huku wilaya ya Kumi kwenye ardhi ya ukoo. Kiswahili nilikuja nacho kutoka mpakani, na ndiyo maana wenzangu wa barabarani walionunua mashamba huku hunipigia kila Agosti kuuliza: "Bwana, tupande nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Anza na zile asilimia, maana ndizo zinazopoteza wengi. Taarifa ya msimu wa Septemba hadi Desemba hutoka mwishoni mwa Agosti hivi. Ipo ya ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa kwa Pembe ya Afrika nzima, na ipo ya watabiri wa serikali yetu inayoshuka mpaka kanda. Ukikuta "asilimia 45 juu ya wastani", usidhani mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Chukua misimu 30 iliyopita, uipange kuanzia mkavu mpaka wenye maji mengi, kisha uigawe mafungu matatu ya kumi kumi. Utabiri unakuambia msimu huu una nafasi gani ya kuangukia kila fungu. Kama fungu la ukame limepewa asilimia 20, maana yake ni kwamba katika misimu mitano ya namna hiyo, mmoja bado utakukausha. Mtu anayepanda ekari zote kwa zao moja hajausoma mstari huo.

Na usiishie kwenye picha ya Uganda nzima. Sisi wa tambarare tunapata maji mara mbili: ya kwetu yanayotoka juu, na ya wenzetu wa Mlima Elgon yanayotufuata kwa mito siku chache baadaye. Waliokuwepo mwaka 2007 wanakumbuka maji yalivyotutenga na mji wa Soroti pale kwenye daraja la Awoja.

Kiasi cha mvua si kitu ninachokitafuta kwanza. Natafuta itaanza lini na itakatika lini, kisha nahesabu kurudi nyuma. Kwetu mvua hukatika kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Karanga zinataka siku 90 mpaka 100 na zaidi, kwa hiyo Septemba ikishaingia vizuri nimechelewa. Choroko ni ya siku 60 na kitu, naweza kuiweka hata katikati ya Septemba. Mahindi ya siku 120 yaliyopandwa Septemba ni kamari, na kamari mimi niliiacha kwenye maegesho ya malori Malaba. Muhogo na marando ya viazi yanasamehe karibu kila kosa.

Kuna mvua ya kudanganya pia. Inanyesha siku mbili, kijiji kizima kinapanda, halafu jua wiki mbili. Wataalamu huhesabu msimu umeanza pale zinapopatikana milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 21 zinazofuata kusiwe na wiki nzima kavu. Mkulima haoni siku 21 za mbele, kwa hiyo mimi nachimba. Shubiri moja chini, nachukua udongo nafinyanga. Ukishikana bila kuchuruzika maji, napanda nusu ya mbegu. Nusu ya pili nangoja siku kumi. Wazee hutazama kumbikumbi wakitoka, nami ninawapenda kumbikumbi kwa chumvi, lakini wananiambia tu kwamba ardhi imelowa. Kesho hawaijui.

Hizo milimita utazipima na chupa. Tafuta chupa kubwa ya maji yenye mwili ulionyooka, isiyo na kiuno kama za soda. Kata mabegani, kile kichwa ukigeuze juu chini kiwe faneli ndani yake. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji mpaka yapite vile vipindo, piga mstari hapo: hiyo ndiyo sifuri. Juu yake bandika rula. Ifunge kwenye nguzo mbali na miti na paa, usome kila siku saa tatu asubuhi, kisha uyarudishe maji kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo milimita 20 zimekumwagia karibu lita 81,000 kwenye ekari. Andika kwenye daftari. Simu hupotea.

Bahari nayo ina neno. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, tunalowa, kama 2019. Ikigeuka, tunakauka, kama 2016. El Niño, yaani bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, huongezea maji; La Niña, ikipoa, hupunguza. Mwaka 1997 na 2023 vilikuja pamoja, joto la bahari yetu na El Niño. Ukisikia hivyo viwili katika taarifa moja, nunua turubai la pili mwezi huo huo, kabla halijapanda bei.

Msimu ukielemea maji, karanga zangu hupanda kilimani kwenye kichanga, viazi navipandisha matuta marefu, na kule chini naweka mpunga pembezoni, si ndani, maana kinamasi kina sheria zake. Msimu ukielemea ukame, kile kile kipande cha chini ndicho hunilisha. Mtama na muhogo havikosekani mwaka wowote. Karanga nazing'oa zikikomaa tu, hata kama harusi ni kesho. Ukungu ukishaingia una sumukuvu, na karanga za hivyo usiuze wala usiwakaangie watoto.

Mzee jirani yangu aliicheka sana ile chupa mwanzoni, akasema nafuga maji. Siku hizi, mvua ikinyesha usiku, hupita kwangu asubuhi na mswaki wa mti mdomoni, anasimama penye nguzo na kuuliza, "Imeandika ngapi?" Wiki iliyopita nilimwambia sita. Akarudisha ng'ombe wake malishoni.