Madoa meusi yasiyowasha: ni choa kweli?

Swali: Daktari, mume wangu ni mvuvi hapa Likoni, mwaka wa nne yuko kwenye ARV. Ametokwa na madoa meusi mguuni, hayawashi wala hayaumi. Duka la dawa walisema ni choa, wakampa krimu. Jana nimeona jengine kwenye kaakaa. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Yaweza kuwa saratani? Nami nitaambukizwa?

Jibu: Dada, hilo la kaakaani ndilo lililonishtua. Choa huwasha, hutoa magamba, na hakioti mdomoni. Madoa kama hayo kwa mtu mwenye VVU, mimi hufikiria kwanza saratani ya Kaposi hadi maabara ikatae. Vitabu huandika rangi ya zambarau, lakini kwenye ngozi yetu huwa kahawia iliyokolea au nyeusi, ndiyo maana hupitwa.

Chanzo chake ni virusi vya hepesi namba 8, vilivyogunduliwa mwaka 1994, ambavyo hupata nafasi kinga ikidhoofika. Kutoonekana kwa VVU kwenye kipimo hupunguza hatari ila hakuiondoi. Saratani yenyewe haiambukizi. Hivyo virusi vya hepesi hupita zaidi kwenye mate, na wengi Afrika Mashariki walivipata utotoni, kwa hivyo usimtengee shemeji kikombe.

Ile krimu isomeni. Ikiwa ni ya steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe), kama betamethasone, aiache, kwani steroidi huichochea Kaposi. (Nina ugomvi wa siku nyingi na maduka yetu: kila doa, tyubu ileile.) Kama alipewa na vidonge vya steroidi, kama prednisolone, asivikatize ghafla kabla ya kuonana na daktari.

Wiki hii aende kliniki anakochukua ARV, aombe rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani akatwe kinyama kipimwe. Msiiruke hatua hiyo: kuna ugonjwa wa bakteria unaofanana sana na Kaposi, nao hutibiwa kwa antibiotiki. Ikithibitika ni Kaposi, madoa machache huweza kunywea kwa ARV peke yake. Yakienea au mguu ukivimba, huongezwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Akikohoa damu, akiishiwa pumzi au akipata choo cheusi kama lami, mpeleke siku hiyohiyo.

Halafu mtazame macho. Jua kali pamoja na VVU huleta saratani ya utando wa jicho: kinyama kinachokua kwenye weupe, watu wakidhani ni chumvi ya bahari. Kikikatwa mapema, jicho huokolewa.