Meli Mpya Hupimwaje Uwezo Wake wa Kugeuka?

SWALI: Mhariri, kijana wangu anasomea ubaharia Dar es Salaam. Je, meli mpya hupimwaje kama inageuka ipasavyo? Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, meli hupelekwa penye kina kirefu, bahari ikiwa imetulia, kisha usukani (ubao ulio majini nyuma ya meli unaoielekeza) hulazwa nyuzi 35 upande mmoja hadi meli izunguke duara. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Bahari vya mwaka 2002, ikishageuka nyuzi 180 haipaswi kuwa imesogea pembeni zaidi ya mara 5 ya urefu wake.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha zigizaga. Usukani hulazwa nyuzi 10 kulia; omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ikishageuka nyuzi 10, usukani hulazwa nyuzi 10 kushoto, na wapimaji huangalia omo inaendelea kulia kiasi gani kabla ya kutii. Meli inayochelewa kutii ni hatari kubwa penye mlango mwembamba wa bandari kama ule wa Dar es Salaam.

Hupimwa pia kusimama: injini zikirudishwa nyuma kwa nguvu zote, meli ya mita 200 inaruhusiwa kwenda hadi kilomita 3. Matokeo hubandikwa katika chumba cha usukani, na kijana wako atapaswa kuyasoma kila apandapo meli asiyoizoea.