Maswali ya Sola: Pima Kwanza, Ndipo Uoshe

Kiangazi kikikolea, barua za sola huwa nyingi. Tumechagua tano. Tunasihi jambo moja kwa wote: mtu asipande juu ya bati kabla hajajua anafuata nini huko.

Swali: Habari zenu. Niko Arua. Juu ya bati nina paneli mbili za wati 100 na ndani betri moja ya asidi ya volti 12. Wakati wa mvua taa zilikuwa zinafika saa sita usiku. Tangu Desemba zinazimika saa tatu. Kijana wa jirani anasema ni uchafu, anataka kuzisugua kwa sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria. Nimpe kazi? *Mama wa Arua*

Jibu: Mama, kazi hiyo usimpe. Waya unakwaruza kioo, na paneli nyingi zina utando mwembamba juu ya kioo unaosaidia mwanga kuingia, ukishachubuka haurudi. Sabuni ya unga nayo huacha ukungu unaonasa vumbi jipya.

Hata hivyo kijana anaweza kuwa na haki kuhusu uchafu wenyewe. Kwenu kiangazi ni kirefu, Desemba hadi Machi, barabara za murramu zinatimua vumbi na nyasi zinachomwa. Masizi yakilowana na umande hugandama. Lakini betri iliyochoka hutoa dalili hiyohiyo, na mtu anaweza kuosha paneli kila wiki kumbe ugonjwa uko ndani ya nyumba.

Kama kontrola yako (kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda betri) inaonyesha ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, isome saa nne asubuhi, jua likiwa wazi na betri ikiwa bado ina njaa. Ukisoma saa nane, betri imeshakaribia kujaa na kontrola imebana umeme. Utazilaumu paneli bure.

Kama haionyeshi, tafuta multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, na msaidizi mwenye ngazi. Saa sita mchana, funikeni paneli zote mbili kwa blanketi zito. Chomoa waya za paneli kwenye kontrola, za betri uziache. Waya nyekundu ya multimita itie kwenye tundu la 10A, geuza kipimo kwenye ampea za DC, kisha gusisha ncha za multimita kwenye waya mbili za paneli, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Msaidizi afunue paneli moja tu. Soma ndani ya sekunde kumi, afunike, ndipo uachie. Msifunue zote mbili pamoja: zitatoa karibu ampea 12 na kuunguza fyuzi ya kipimo. Paneli nzima ya wati 100 hutoa ampea 5.5 hadi 6 kwenye jua kali. Ukimaliza, rudisha waya nyekundu kwenye tundu la volti kabla hujagusa betri. Ukisahau, utakuwa umeunganisha chanya na hasi ya betri moja kwa moja kupitia kipimo, na cheche zake zinaunguza mkono.

Usipime volti peke yake ukaridhika. Paneli iliyojaa vumbi bado itakuonyesha volti 20 au 21, kwa kuwa uchafu hupunguza ampea zaidi kuliko volti.

Jioni osha paneli moja, nyingine uiache vilevile. Kesho yake saa sita pima zote mbili, moja baada ya nyingine. Tofauti utakayoiona ndiyo vumbi linayokula. Ikiwa ampea 0.2, subiri mvua. Ikifika 0.6, hiyo ni sehemu ya kumi ya umeme wako, basi osha na ya pili.

Zikiwa zote zinatoa ampea zake na taa bado zinazimika mapema, geukia betri. Jua likizama zima kila kitu kwa saa mbili, kisha pima volti: 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.7, halafu taa chache za LED zikaishusha hadi 11.5 ndani ya saa moja, betri hiyo imeisha uwezo wa kushika umeme. Weka pesa ya kuosha kwenye akiba ya betri mpya.

Swali: Tuko Kampala, karibu na soko. Kaloli, wale korongo wakubwa, wanalala kwenye mti ulioinamia nyumba yetu, na kinyesi chao ni kikubwa. Je, doa moja au mawili ni ya kuhangaikia? *Mpangaji, Kampala*

Jibu: Ndiyo, tena kuliko vumbi la paneli nzima. Vumbi hupunguza mwanga kila mahali kwa kiasi kidogo. Doa zito linafunika seli moja, kimoja cha vile vipande vidogo vinavyotengeneza umeme, na seli za paneli zimeungwa kwa mstari kama mabomba: moja ikibanwa, umeme wa wenzake nao unabanwa. Ndani ya kisanduku cha nyuma kuna dayodi zinazouruhusu umeme uruke kundi lenye shida, ila ukiruka hivyo unapoteza kundi zima. Kwenye paneli ndogo ya seli 36 huwa ni nusu yake. Seli iliyofunikwa nayo hupata joto, na baada ya miezi utaiona imegeuka rangi ya kahawia. Hapo hakuna dawa.

Kinyesi kilichokauka usikikwangue kwa kisu wala kwa ukucha, maana kinaweza kuwa na punje ngumu zinazokwaruza kioo. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika kumi na tano, kisha kivute taratibu kuelekea chini. Kikibaki kidogo, rudia.

Kuosha kwenyewe kunafanyika saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Maji baridi juu ya kioo cha saa saba yanaweza kukipasua, na hata kisipopasuka yanakauka upesi na kuacha alama. Sisi tunapendelea jioni, kwa sababu asubuhi bati lina umande na linateleza vibaya. Zima mfumo kwanza. Paneli ya mita mbili za mraba inatosheka na lita tano za maji. Ukihitaji sabuni, ni matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo katika ndoo ya lita kumi, kisha suuza. Tumia brashi laini au sponji kwenye fimbo ndefu, ukiwa umesimama kwenye ngazi iliyoshikwa na mtu. Ikikulazimu kukanyaga bati, fuata mistari ya misumari, ambako chini yake kuna mbao.

Na kama mnakinga maji ya mvua, chomoeni bomba la gata lisiingie kwenye tangi kabla ya kumwaga hata kopo moja. Kinyesi cha kaloli kikishaingia kwenye maji ya kunywa, hilo ni tatizo lingine kabisa.

Tawi lenyewe ombeni mwenye mti alikate. Kivuli chake kinakula umeme kila siku, hata siku ambayo ndege hawapo.

Swali: Ninaosha kwa maji ya kisima cha pampu. Kioo kimebaki na michirizi myeupe isiyotoka. *Tororo*

Jibu: Ni chokaa ya maji. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe kumi vya maji, pitisha kwa kitambaa laini, acha dakika mbili tatu, suuza vizuri hadi kwenye fremu. Safari ijayo tumia maji ya mvua, na kama huna, futa kioo kikiwa bado kibichi.

Swali: Betri zangu zilipungua maji. Dukani nikaomba maji ya betri, nikamimina. Sasa zinachemka na vichwa vimeota unga wa kijani. *Mwalimu, Masindi*

Jibu: Mwalimu, soma kibandiko cha chupa. Madukani jina "maji ya betri" hubeba vitu viwili: maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, na asidi. Betri inayotumika hupoteza maji tu, asidi yake inabaki humo ndani, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji hayo safi, hadi kufunika sahani za risasi zilizo ndani na kupita kidogo. Ukiongeza asidi unaziharibu sahani. Kama ulimwaga asidi, usijaribu kuinyonya mwenyewe. Mpelekee fundi wa betri akapime kila chumba kwa haidromita, kipimo cha nguvu ya asidi.

Unga wa kijani uondoe baada ya kuchomoa waya, paneli kwanza halafu betri. Kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwenye kikombe cha maji, mswaki wa zamani, glavu na miwani. Vifuniko viwe vimefungwa, tone la magadi lisiingie ndani. Kausha, kaza nati, paka vaselini. Kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli mwisho.

Swali: Paneli yetu ndogo imelazwa bapa juu ya bati ili wezi wasiione. Kila mvua inaacha tope kwenye ukingo. *Busia*

Jibu: Maji hayana pa kwenda. Iinueni digrii 10 hadi 15: kwa paneli ya urefu wa sentimita 60, ukingo mmoja uwe juu ya mwingine kwa sentimita 10 hadi 15. Mvua itaisafisha yenyewe. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, upande inakoelekea haubadilishi sana. Chagueni ule usioonekana barabarani. Ukingo wa chini nao usiguse bati, upate nafasi ya sentimita kumi hewa ipite, kwa sababu paneli yenye joto hutoa umeme mdogo. Badala ya kuificha, funga fremu kwa boliti na uvunje pembe za nati kwa tupa, spana isishike.