Pesa za kuwatunza wazee nyumbani: zianze kwa mtu anayepiga hodi

Ndugu, umeuliza serikali ikitenga pesa za kujaribu njia mpya za kuwatunza wazee majumbani mwao, zianze wapi. Wengi waliokujibu wamesema: wazee wapewe pesa mkononi, basi. Mimi naandika kutoka Katuba, Lubumbashi, huku Kongo (DRC), na jibu hilo tumeliishi kwetu.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliacha kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na kitita cha mara moja. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mmoja wao. Alinunua basi dogo, injini ikafa mwaka wa pili. Zilizobaki zikaishia kwenye karo zetu. Simlaumu hata kidogo, tumesoma kwa pesa hizo. Lakini miaka mitatu iliyopita alipopooza upande wa kushoto, hapakuwa na franga iliyobaki.

Nasi watoto tukadhani pesa zitatosha. Ndugu zangu walituma kutoka Likasi na Kolwezi, tukamnunulia mashine ya kupima presha, huku twasema tansio. Ikalala ndani ya boksi miezi minne. Mimi hutoka alfajiri na kurudi usiku, na aliyebaki naye mchana hakujua kusoma zile namba.

Aliyetuokoa ni jirani, mama reco, mmoja wa wale wajitoleaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na vyandarua. Tukakubaliana aingie asubuhi na jioni kwa dola 30 kwa mwezi. Wiki ya kwanza tu akagundua Papa anakata vidonge nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi, na bukari yake, yaani ugali, inashuka kwa makayabu, samaki wa chumvi, karibu kila siku. Mimi ninayelala nyumba moja naye sikuyaona hayo! Akawa anaandika vipimo kwenye daftari la shule, anamnyoosha mkono, anamtembeza hadi kwenye mwembe na kumrudisha. Leo Papa anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Pensheni kama ya Zanzibar, ambako tangu 2016 mwenye miaka 70 hulipwa hata kama hakuwahi kuajiriwa, naitamani sana hapa kwetu. Katiba yetu yenyewe, ibara ya 49, inampa mzee haki ya ulinzi wa pekee. Ila pesa zikiwa chache, nitafuata Wajapani: bima yao ya matunzo, iliyoanza mwaka 2000, humpa mzee mtu wa kuja kumhudumia, si noti.

Mwezi uliopita mama reco aliugua wiki mbili, hatukuwa na wa kushika nafasi yake, na Papa akarudi kitandani. Hapo ndipo ningetaka pesa ya serikali iingie: wahudumu wawili wawili kwa kila avenyu, yaani mtaa, wafundishwe na kituo cha afya, walipwe kwa simu kila mwisho wa mwezi.