Je, Casa Moreyra ni kuta tu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tutapita Lima, Peru. Tumeshauriwa tukale kwenye mgahawa wa Astrid y Gastón, ndani ya nyumba ya kale iitwayo Casa Moreyra. Nimechoka na migahawa inayouza kuta huku chakula hakina ladha. Tena mume wangu hali samaki ambaye hajapita motoni. Twende?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni, tena mchana. Mgahawa ukiwa ndani ya jengo la kale, mimi huuliza kwanza kilichotangulia ni jiko au jengo. Hapa jiko ndilo lililotangulia. Wapishi Gastón Acurio na Astrid Gutsche walianza mtaa wa Miraflores, humo humo Lima, mwaka 1994, wakajipatia jina, na 2014 ndipo wakahamia mtaa wa San Isidro, kwenye nyumba hiyo iliyojengwa enzi za Wahispania kuwa makao ya wenye shamba.

Msikimbilie meza. Ukiwa Lima, zitazame kuta za nyumba za zamani: chini matofali mabichi, manene, juu mara nyingi ni quincha, yaani fito na matete yaliyokandikwa udongo. Tetemeko la 1746 liliubomoa mji ule vibaya, na wajenzi wakazidi kuitegemea quincha kwa sababu ni nyepesi na huyumba bila kuporomoka. Mimi huo ustadi naupenda kuliko nakshi zote.

Sasa chakula. Ceviche, chakula kinachojulikana sana Peru, ni samaki mbichi, chumvi, pilipili, kitunguu chekundu kilichokatwa nyembamba, na ndimu iliyokamuliwa saa hiyo hiyo. Dakika chache tu: kipande kinageuka cheupe nje, ndani bado kinang'aa. Kikichelewa kinakakamaa. Maji yake, leche de tigre, yanyweni. Kuyaacha ni hasara. Wenyeji huila mchana, ndiyo maana nikasema mwende mchana.

Lakini mume wako usimlazimishe. Ndimu si moto, haiui vijidudu vyote, na mjamzito au mgonjwa asiiguse kabisa. Yeye atafute lomo saltado: nyama ya ng'ombe, kitunguu na nyanya, vinakaangwa kwa moto mkali na mchuzi wa soya, ufundi ulioletwa na Wachina waliokwenda kufanya kazi Peru tangu 1849. Huja na wali pamoja na chipsi, sahani moja. Atashiba.

Wekeni nafasi mapema, meza hujaa.