Giza si la kila tovuti

Ukilalamika macho yanauma usiku, kila mtu atakwambia washa mandhari meusi, yaani ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Sawa, lakini wapi? Mimi kurasa za kusoma nazitaka nyeusi. Ramani, fomu na maduka ya mtandaoni naviacha vyeupe, hata iwe saa sita usiku.

Kwanza tuelewane: Firefox, kivinjari ninachotumia, ina sehemu ya kuchagua mwonekano wa tovuti kwenye mipangilio yake, ila haipaki rangi yoyote. Inaiomba tu tovuti ilete sura yake nyeusi, kama inayo. Isiyo nayo itabaki nyeupe pe. Wikipedia inayo tangu 2024, na sura nyeusi ya tovuti yenyewe huwa safi kuliko ya kubandikwa na programu nyingine.

Kwa zisizo nayo, natumia kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha Dark Reader ndani ya Firefox, kwenye kompyuta na simu ya Android. Hapo ni bure. (Chrome ya simu haipokei viendelezi, usihangaike.) Ukifika kwenye tovuti iliyoharibiwa na giza hilo, fungua kiendelezi na ubonyeze jina la tovuti hiyo: giza linaondoka hapo tu, na kesho ukirudi kitakuwa bado kinakumbuka. Kwenye kompyuta, Alt+Shift+A inamaliza kazi.

Kuharibika kwenyewe kukoje? Kuna duka la vitambaa linaloonyesha rangi kwa vimraba vya kubonyeza. Vimraba hivyo si picha, ni rangi iliyoandikwa kwenye msimbo wa ukurasa, kwa hiyo kiendelezi huvitia giza pamoja na ukurasa wote. Krimu inasomeka kahawia, nawe unaagiza sare ya harusi! Picha ya sahihi ya wino mweusi iliyohifadhiwa bila usuli (rangi ya nyuma yake) nayo humezwa, ukadhani hukusaini.

Habari ya betri imetiwa chumvi. Kioo cha OLED, ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe, huzima nukta nyeusi, hivyo kuna nafuu. Kwenye kioo cha LCD, kinachomulikwa na taa ya nyuma, taa hiyo inawaka vilevile.

Jambo moja wengi hulipita: kiendelezi cha namna hii hupewa ruhusa ya kusoma kurasa zote unazofungua, na kuzima giza kwenye tovuti fulani hakuiondoi ruhusa hiyo. Kipakue kwenye duka rasmi la kivinjari, maana vya kuiga jina vipo. Mambo ya benki mimi huyafanyia kwenye kivinjari kingine, kisicho na kiendelezi hata kimoja.