Ndimu Haiivishi Samaki: Jibu kwa Msomaji wa Makambako

Wiki hii nimepokea ujumbe: "Kamwene dada. Nataka kufungua mgahawa wenye chakula ambacho huku kwetu hakipo. Nimeona video za samaki mbichi wanakatwakatwa, wanakamuliwa ndimu, nyama inageuka nyeupe, wanasema hapo ameshaiva. Nianze na hicho?"

Nilimjibu asithubutu. Lakini swali lenyewe limenigusa panapouma, kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Mnaonifuatilia mnajua nilianzia Mwanjelwa, hapa Mbeya, na karai moja na jiko la mkaa. Leo nina mgahawa wangu, nina wasichana wa kazi, na watu wanatoka Uyole na Mbalizi kuja kula samaki kwangu. Nalisema kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Basi mwaka jana ikaja ile oda ambayo kila mama lishe anaiombea: sherehe ya watu wenye uwezo, na malipo ya awali mezani. Tukaelewana kila kitu. Siku ya kupanga vyakula, kijana aliyesimamia shughuli akataka vibua na jodari wabichi kwa ndimu, vitunguu na pilipili, kama alivyokula safarini. Nikamuuliza samaki watatoka wapi. Watakuja na basi kutoka Dar, akasema, kwenye boksi la barafu. Zaidi ya kilomita 800! Nikamwambia nitawachoma, nitawakaanga, nitawaunga kwa nazi, lakini mbichi hatoki jikoni kwangu. Akacheka mbele ya wasichana wangu, akasema ndiyo maana sisi wa huku tutabaki kuuza ugali. Oda ikaenda kwa mwingine. Maneno yale bado ninayo moyoni.

Sasa sikiliza, wewe unayetaka jina katika biashara hii. Ndimu inakaza nyama na kuibadilisha rangi, basi. Mnyoo aliye ndani hafi kwa ndimu, wala kwa siki, wala kwa pilipili. Samaki wa baharini, hasa jamii ya vibua, na hata ngisi, hubeba mnyoo aitwaye anisakisi: uzi mweupe wa sentimita mbili hivi, umejikunja. Akikomaa makazi yake ni tumbo la nyangumi. Binadamu akimmeza mzima, hujichimbia kwenye ukuta wa tumbo, na ndani ya saa chache mtu anajikunja kwa maumivu na kutapika. Mara nyingi daktari humtoa kwa kupitisha mpira wenye kamera kooni. Wahispania, ambao kula samaki wa siki ni jadi yao, tangu 2006 sheria yao inawataka wenye migahawa wamgandishe kwanza samaki anayeliwa mbichi. Wenzetu waliozaliwa kwenye chakula hicho wanachukua tahadhari, sisi tuliokiona kwenye simu tunajiamini.

Usidhani wa maji baridi ni salama zaidi. Kuna tegu wa samaki anayeweza kufika mita 10 ndani ya utumbo na kumnyang'anya mtu vitamini B12. Kaskazini mashariki mwa Thailand, samaki wabichi wa mtoni huwapa watu minyoo ya ini, na minyoo hiyo huleta saratani ya mirija ya nyongo.

Hapa kwetu, tumbua usipa wa Ziwa Nyasa. Utakutana na mmoja aliyevimba kuliko wenzake. Ukimpasua, tumbo lote limejaa utepe mweupe, mpana, unene wake unashangaza ukilinganisha na kidagaa chenyewe. Kila msichana mgeni jikoni kwangu hupiga kelele. Huyo anaitwa ligula, hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, si ndani yetu, kwa hiyo usiwaogope wauzaji wa Kyela. Namtoa, naosha, nakaanga mpaka usipa wakauke. Lakini ukishamwona kwa macho yako, hutamwamini tena samaki mbichi kwa kuwa tu macho yake yanang'aa.

Kwa hiyo pika. Tumbua mapema, kwa sababu samaki akikaa na matumbo, baadhi ya minyoo huhamia kwenye mnofu. Ivisha mpaka katikati, nyuzi 63 au zaidi; mnofu uachane na mfupa na pasibaki wekundu kwenye uti. Kugandisha kunaua, ila ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza ya dukani inayofunguliwa kila dakika, umeme nao ukikatika, haikupi uhakika huo. Pika, jamani.

Na wauza kitimoto msijifiche nyuma ya samaki. Nyama yenye malengelenge isiyoiva humpa mlaji tegu. Mayai ya tegu huyo yakitoka chooni yakafika kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga, yanaweza kumwishia ubongoni na kumletea kifafa, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Kwa hiyo ivisheni nyama, na msimwajiri mpishi asiyenawa.

Wewe ambaye umeshakula samaki mbichi na tumbo linakata, usikimbilie duka la dawa kununua kidonge cha minyoo cha watoto, maana si kila mnyoo unatibiwa kwa dawa hiyo. Nenda hospitali, na umwambie daktari ulikula nini na saa ngapi.